Lori la Mkulima: Habari za Kununua na Kuunda Magari ya Mizigo katika Nchi ya Dumila

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu, msomaji atakuta habari nyingi za bei, za maghala na za mikutano. Mimi nimepewa kazi ya kuandika habari za lori. Huenda wengine wakaona ya kuwa jambo hili ni dogo, la kuachiwa madereva na utingo wao. Lakini mkulima yeyote wa Dumila, Magole au Msowero aliyepata kusimama kando ya magunia yake akitazama mawingu ya masika, huku gari aliloahidiwa halionekani, ajua kwamba si dogo hata kidogo. Mahindi yaliyo nyumbani kwa mkulima si fedha bado. Huwa fedha yakiisha kupita barabarani, na mwenye gari ndiye akataye kipande cha kwanza cha fedha hiyo.

Tena iko sababu ya kuanza na historia badala ya kuanza na bei za magari ya leo. Wanachama wataulizwa katika Mkutano Mkuu kama Umoja ununue gari lake wenyewe au uendelee kukodi. Wengi huuliza, "Gari gani lenye nguvu?" Historia yatuonyesha ya kuwa swali hilo ni la pili. Lori la mkulima katika nchi hii halikununuliwa likiwa zima. Kilicholetwa kutoka ng'ambo kilikuwa injini, chesesi na magurudumu. Sehemu iliyosalia iliundwa hapa na watu wa hapa, na katika sehemu hiyo ndimo faida ya mkulima ilimopatikana au ilimopotea.

Na tuanze kabla ya motokaa. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita Simbamwenni, mji uliokuwa pale Morogoro ilipo sasa, akavuka mbuga ya Mkata wakati wa mvua, katika matope ambayo wenyeji wa Kilosa wanayajua vizuri. Alikuwa na kigari chembamba alichokiunda mwenyewe kwa kipimo cha njia za miguu. Kabla hajafika Ugogo alimwona mtu wake mmoja amejitwika kigari kile kichwani, magurudumu na vyote, maana kukibeba kulikuwa rahisi kuliko kukivuta. Kikaachwa majanini. Miaka michache baadaye, 1876 na 1877, wamisionari wa Chama cha London walijaribu kupeleka magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, safari ipitayo kaskazini ya kwetu. Ng'ombe wakafa njiani, kwani nchi ilikuwa na mbung'o, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Hao walikuwa watu wenye akili na fedha. Kosa lao lilikuwa kuleta chombo kwanza, kisha kuitazama nchi.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, ikapitia Kilosa. Dumila ikabaki kaskazini ya reli, na hali hiyo ndiyo iliyofanya maisha yetu yategemee lori kuliko maisha ya watu wa Kimamba au Kilosa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza malori yalianza kuongezeka katika Tanganyika, nayo yakamilikiwa zaidi na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, na mashamba ya katani. Serikali ya Kiingereza haikuyapenda sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilitunga sheria ya kuyazuia yasichukue mizigo fulani katika njia zilizokwenda sambamba na reli, ili reli isikose mapato. Mkulima hakuulizwa.

Sasa tufike kwenye kazi ya mafundi. Baada ya Vita ya pili malori ya Kiingereza, hasa Bedford, yalienea sana katika Afrika ya Mashariki. Mengi yalishushwa bandarini yakiwa chesesi na kibanda cha dereva tu, nyuma yake vyuma viwili virefu vilivyo wazi kama reli mbili. Mwenye gari alilipeleka kwa fundi, mara nyingi Kalasinga au Mwafrika aliyejifunza kwake, naye akajenga bodi ya mbao ngumu kama mvule au mninga, iliyofungwa kwa pembe za chuma. Fundi mzuri hakuanza kupima mbao. Aliuliza kwanza: utapakia nini?

Swali hilo lilikuwa na maana kubwa. Mwenye mahindi alitaka sakafu isiyo na nafasi, ili punje zisivuje njiani, na kuta fupi, kwani gunia ni zito na kuta ndefu humvuta mtu apakie kupita kiasi. Mwenye ng'ombe alitaka kuta ndefu zenye nafasi za hewa, na vyuma vya kupita juu. Mwenye katani alitaka urefu. Mwenye nyanya (na Dumila ya leo yajulikana kwa wasafiri wa Dodoma kwa nyanya na mboga zake za kando ya njia kuliko kwa kitu kingine chochote) hutaka hewa ipite kati ya matenga, na springi laini, kwa maana lori lililofungwa springi ngumu mno hufikisha sokoni mchuzi badala ya nyanya. Haiwezekani bodi moja ifanye kazi zote hizo vizuri, ingawa kila mwenye gari hupenda kuamini kwamba ya kwake yaweza.

Karibu na sisi, ng'ambo ya Gairo, ulitokea mfano mkubwa kupita yote wa kununua vyombo na kuvigeuza. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Kongwa ikawa makao yake ya kwanza. Dunia ilikuwa na upungufu wa matrekta. Basi wakanunua mashine zilizobaki vitani, nyingi zikiwa zimechakaa, na kampuni ya Vickers huko Uingereza ikachukua vifaru vya Sherman ikavifanya matrekta, yakaitwa Shervick. Kifaru kimeundwa kupita juu ya vitu na kuviponda. Kung'oa mizizi ya miti katika udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama saruji, ni kazi nyingine kabisa. Mashine zikaharibika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa, spea zikakosekana, na mafundi hawakutosha. Mpango ukafutwa mwezi Januari 1951, na hasara ya Uingereza ikapita paundi milioni 36. Wengi wamezoea kucheka wakisikia habari za Kongwa. Mimi sicheki, maana vijana wengi wa nchi hii waligusa injini kwa mara ya kwanza katika karakana za namna hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo ilikuja Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Ilikusudiwa kuwa chombo cha mkulima: magurudumu yote manne yalisukuma, bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita, na injini yake iliweza kuzungusha mashine iliyosimama, kama ya kusaga au ya kukata mbao. Lakini hapa yatupasa kusema wazi. Pikapu ile ya kwanza ilibeba kiasi cha nusu tani, yaani magunia matano. Ilimfaa bwana shamba, na karani aliyebeba fedha za kulipia mazao. Kwa kuchukua mavuno ya kijiji haikufaa. Hata leo liko kosa la kuvutiwa na pikapu ngumu yenye bampa kubwa ya chuma, winchi, na taa nne juu ya paa, ambayo hupanda mlima wowote na kurudi na magunia kumi.

Ushirika wenyewe ulikuwa umekwisha anza. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1932, na chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa mwaka 1933. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Ziwa Viktoria waliunganisha vyama vyao vikuu. Baada ya Uhuru vyama vilienea mikoa yote, na mwaka 1963 iliundwa Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, iliyonunua mahindi na mazao mengine kupitia vyama. Hesabu yake ilikuwa hivi: Bodi ilitangaza bei, kisha zikatolewa gharama za chama kikuu, za chama cha msingi, na za gari, na kilichobaki ndicho alichopewa mkulima. Msomaji ataona mara moja ya kuwa safari moja ya lori iliyokwenda nusu tupu, au iliyokwama siku tatu kwa kukosa springi, ililipwa na mtu ambaye hakuwamo garini.

Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, ikakuta watumishi wenye ujuzi ni wachache, wanachama wengi hawajui mambo ya vyama vyao, na siasa imeingilia kazi. Kwa maoni yangu, lori ni mahali pazuri pa kuyaona makosa yote hayo pamoja. Hununuliwa kwa furaha, hupakwa rangi, hupigwa picha pamoja na viongozi, kisha hakuna daftari la kuonyesha limekwenda wapi.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta na shaba yake Tanzania. Mwaka 1966 Serikali hizi mbili, pamoja na washirika wa Kiitalia, zilianzisha kampuni ya malori ya Fiat yenye matela, na mji wa Morogoro ukawa njia yake. Madereva wa nchi hii walijifunza mengi katika safari zile za vumbi na ajali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa nafaka ukawa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Usafirishaji ulifanywa zaidi na kampuni za mikoa. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, iliyohitaji malori ya nchi nzima, na baada yake uhaba wa fedha za kigeni, hata gari likaweza kulala mwaka mzima kwa kukosa kifaa kimoja cha breki.

Lakini wakati huo wa dhiki ndipo palipofanyika jambo la kujivunia. Huko Kibaha palikuwa na kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania, na pia Shirika la Nyumbu, la Jeshi, lililojaribu kuunda lori la Kitanzania lenye jina hilo hilo. Nyumbu halikupata kuenea barabarani. Hata hivyo fikra iliyokuwa ndani yake ilikuwa sahihi: gari lipimwe kwa barabara zetu na kwa mafundi tulio nao.

Sheria ya 1982 ilirudisha vyama vya ushirika, na mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao ng'ambo waingize bidhaa nchini. Pikapu na malori yakawa miongoni mwa vitu vilivyoletwa. Baadaye yakaja kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika Japani. Ndipo Fuso na Canter zilipotwaa kazi iliyokuwa ya Bedford. Gari la Kijapani lililokwisha kutumika ni zuri, lakini liliundwa kwa lami ya Japani na kwa mzigo uliopimwa. Likifika hapa lapelekwa gereji kabla halijapata mzigo wa kwanza. Fundi huongeza vyuma vya springi, hushona chesesi kwa kuitia bamba la chuma ndani au nje, hurefusha bodi kwa nyuma na kuinua kuta.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana hapa ndipo fedha zetu zinapopotea. Springi ikiongezwa, gari halichuchumai tena. Mwenye gari aliona akadhani limepata nguvu. Lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, na tairi ni zile zile. Tena bodi ikirefushwa nyuma, uzito huhama. Chukua lori ambalo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana mita 4. Likipakiwa tani 8, na kitovu cha mzigo kikawa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma, basi ekseli hiyo haibebi tani 8, hubeba 9, na ile ya mbele huinuliwa kwa uzito wa tani 1. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, naye pengine hufurahi. Kwenye mteremko wenye kona hatafurahi.

Yako mambo ya mizani pia. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitungwa mwaka 2016, ikaanza kutumika nchini mwaka 2019. Gari lenye uzito wa tani 3.5 au zaidi hupimwa. Ekseli ya usukani huruhusiwa tani 8, na ekseli moja yenye tairi nne huruhusiwa tani 10. Kwa hiyo lori la ekseli mbili lisizidi tani 18, gari na mzigo pamoja, na kama aliyeliunda ameweka kikomo kilicho chini ya hapo, kikomo chake ndicho cha kufuata. Gari na bodi yake likiwa na tani 7, zabaki tani 11, ambazo ni magunia 110 ya kilo 100. Na kila kilo 100 za chuma anazoongeza fundi katika bodi hunyang'anya nafasi ya gunia moja, katika kila safari, mpaka siku lori litakapouzwa chuma chakavu. Bampa ile kubwa ya kupendeza ni gunia la mahindi lisilopata kuuzwa.

Halafu iko lumbesa. Wanachama wameichukia kwa muda mrefu kwa kuwa ni wizi wa wazi: mkulima hulipwa gunia moja, mnunuzi huchukua moja na sehemu ya pili. Lakini wachache wameitazama kwa macho ya lori. Magunia 110 ya lumbesa yenye kilo 130 kila moja ni tani 14.3, yaani zaidi ya kiasi chetu kwa tani 3.3. Mnunuzi anayetaka lumbesa ndiye atakaye springi za ziada; na hizo zikisha fungwa humpa sababu ya kutaka lumbesa tena. Lori lile limeundwa kwa kazi ya kumdhulumu mkulima, na fundi hakukosea kitu, kwani alipouliza "utapakia nini?" alijibiwa.

Mimi mwenyewe niliyaona hayo nilipokuwa karani wa ghala katika chama kimoja cha msingi. Tulikodi gari la mtu mmoja, lililokuwa limerefushwa na kuongezwa springi, tukafurahi kwa kuwa lilichukua magunia yote kwa safari moja. Chesesi ilikatika pale pale ilipochomelewa, usiku, na mvua ikanyesha juu ya turubai lililotoboka. Tulipoteza magunia kumi na tisa yaliyoota, na fedha ya gari la pili. Kamati ilinilaumu mimi, nami sikuwa na la kujibu, maana sikuwa nimechungulia chini ya gari kabla ya kuweka sahihi.

Wengine watasema ya kuwa barabara sasa ni nzuri. Ni kweli kwa sehemu. Kati ya Dumila na Kilosa, zile kilomita 45 za kwanza hadi Rudewa zilitiwa lami, kisha zikafuatwa na 24 zilizobaki. Lakini mazao hayaoti kando ya lami. Tena maji hayajasahau njia zake. Mwezi Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu hapa hapa Dumila, katika daraja la Mto Mkundi, na magari ya Dodoma na ya Morogoro yakasimama pande mbili yakitazamana, wakati nyumba za watu wa Magole na Dumila zilikuwa majini. Siku zile malori makubwa hayakuwa na faida kwa mtu yeyote wa vijijini.

Basi, nikiulizwa shauri langu juu ya gari la Umoja, nitasema hivi. Linunuliwe lori la kiasi, la ekseli mbili, la aina ambayo spea zake zapatikana Morogoro bila kwenda Dar es Salaam. Bodi ijengwe hapa, kuta zake ziwe fupi na za kufunguka, sakafu iwe ya mbao isiyovuja, na springi ziachwe kama zilivyotoka kiwandani. Fedha ambayo ingetumika kwa mapambo inunue turubai mbili nzima na mizani ya kupimia magunia kabla hayajapanda garini. Na daftari la safari lisomwe mbele ya wanachama kila baada ya msimu.

Wenzangu wa vijiji vya nyanya hawakubaliani nami. Wanasema kuta fupi ni za watu wa mahindi, kwamba matenga yapangwa kwenda juu, na kwamba Umoja hauwezi kuwaambia walipe ada sawa na wengine kisha waundiwe gari la wengine. Wana haki kusema hivyo. Fundi mmoja wa Morogoro ameniambia yaweza kufanywa fremu nyepesi ya bomba, ya kuchomekwa wakati wa nyanya na kuondolewa wakati wa mahindi, uzito wake upate kilo 150. Nimepiga hesabu: ni gunia moja na nusu kwa kila safari ya nyanya, na katika safari za mahindi hailipi mtu chochote, mradi isisahauliwe garini. Karatasi ya vipimo ipo ofisini kwa Katibu, na mwanachama yeyote aweza kuitazama kabla ya siku ya Mkutano.